Kuandika Kisa cha Biashara

Msomaji, ikiwa utaendelea na masomo baada ya shule ya sekondari, na ikiwa nasibu itakupeleka kwenye elimu ya biashara, haitapita miezi mingi kabla mwalimu hajakutaka uandike kisa. Usidhani kuwa anakutaka utunge hadithi. Kisa katika elimu hiyo ni maelezo ya jambo lililotokea kweli katika duka, kiwanda, benki au bandari: nani alikuwa mwenye kazi, alikuwa na nini mkononi, shida gani ilimkabili, na siku ile iliyompasa kukata shauri alikuwa anajua nini na hajui nini. Baada ya kuyaeleza hayo mwandishi huyapima, huonyesha njia zilizokuwa wazi, kisha husema ile ambayo angeifuata yeye, pamoja na sababu zake. Kazi hii huonekana nyepesi mpaka mtu aketi kuifanya. Nimeifundisha katika kisiwa cha Mombasa kwa miaka kadha, na kwa muda huo nimesoma visa vingi vilivyo vibovu, na vichache vilivyonifanya nichelewe kulala. Nataka nikueleze tofauti yao, kwa kuwa haimo katika sarufi wala katika unadhifu wa kurasa.

Njia hii ya kufundisha haikuanza katika biashara bali katika sheria. Mwaka 1870 Christopher Columbus Langdell, mkuu wa shule ya sheria ya Harvard huko Marekani, aliwapa wanafunzi wake hukumu za mahakama wazisome wenyewe na kuzitolea hoja, badala ya kuwasomea kanuni ili wazikariri. Shule ya biashara ya chuo hicho ilifunguliwa mwaka 1908, na mwaka 1919 ilipopata mkuu aliyekuwa amesoma sheria, Wallace Donham, desturi ile ya wanasheria ikavuka ua ikaingia kwa wafanyabiashara. Mwaka 1921 kiliandikwa kisa ambacho wenyewe hukihesabu kuwa cha kwanza. Kilihusu kampuni ya viatu, na urefu wake ulikuwa ukurasa mmoja. Hilo la ukurasa mmoja nalipenda sana, na huwakumbusha wanafunzi wanaoniletea kurasa ishirini na tano zisizokuwa na mtu hata mmoja ndani yake.

Hata hivyo, kulitazama soko kwa jicho la namna hii ni jambo la kale kuliko Harvard. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Tanja, alipita pwani yetu mnamo mwaka 1331. Huko Mogadishu aliona kwamba chombo kikitia nanga vijana wa mji hukiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula, na kila mmoja humpa mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni hauzi wala hanunui ila kwa mkono wa mwenyeji wake, na mtu akinunua kwake kwa bei ya kumpunja, au akimwuzia kitu mwenyeji asipokuwapo, biashara ile hubatilika. Alipofika Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini aliondoka akijua kuwa kisiwa hakilimi nafaka, na kwamba watu wake huletewa chakula hicho kutoka upande wa bara. Kwa usiku mmoja si haba. Angaliweza kuandika kwamba watu wa Mogadishu ni wakarimu, akanyamaza. Badala yake aliandika ukarimu ule ulivyofanya kazi: nani huleta sahani, nani hupata haki ya udalali, na nini huvunja mauzo.

Sasa tuwatazame wanafunzi wetu. Mwambie kijana wa Majengo au Kisauni aandike kisa cha biashara iliyoangushwa na mabadiliko ya nyakati, naye, mara tisa katika kumi, atakuletea Kodak. Atakueleza kwamba mhandisi wa kampuni hiyo ya Marekani aliunda kamera isiyotumia filamu mwaka 1975, kwamba wakubwa wa kampuni waliendelea kuitegemea filamu iliyowatajirisha, na kwamba mnamo Januari 2012 kampuni ikakimbilia mahakamani kuomba hifadhi dhidi ya wadai wake. Hayo yote ni kweli, na ni kisa kizuri. Ila kimekwisha kuandikwa mara nyingi mno, na mwandishi wetu hana la kuongeza isipokuwa makosa ya kunakili.

Nacho kinachonisikitisha ni hiki: kijana huyo huyo amevuka kivuko cha Likoni maisha yake yote. Katika miaka ya 1990 penye kivuko palikuwa na vibanda vya wapiga picha, vimepambwa kwa mapazia yaliyochorwa meli, ndege na minazi. Mtu aliyetoka bara kuja kutafuta kazi alisimama mbele ya meli ile ya rangi, akatengeneza kola, akapigwa picha, na picha ikapelekwa nyumbani iwe ushahidi kwamba amefika baharini na mambo yake si mabaya. Kisha simu zikaja na kamera ndani yake. Wimbi lililoizamisha Kodak ndilo lililowafikia wale wa Likoni, tofauti ni kwamba Kodak imeacha hati na mahesabu ya kujaza maghala, na mpiga picha wa kivukoni ameacha kumbukumbu iliyo kichwani mwake, naye anazeeka. Aliuza kamera yake lini? Alijaribu kugeukia picha ndogo za pasi na vitambulisho? Kibanda kilikuwa chake au alikodi? Mwaka ule alioona wateja wanapungua, alidhani ni nini? Hapana kitabu chenye majibu hayo. Yapo kwa nauli ya kivuko, ambayo kwa atembeaye kwa miguu ni bure.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini vijana hawaendi, na siamini kuwa ni uvivu. Nadhani wameaminishwa kwamba duka la baba ni riziki tu, na biashara yenyewe ni kitu kilichoko New York. Riziki huombewa dua, biashara huandikiwa visa. Hakuna aliyewaambia hivyo kwa maneno, lakini vitabu walivyopewa vimewaambia kila ukurasa.

Jambo hili lina upande mwingine ulio mzito zaidi. Nchi yetu ya Kenya imejulikana ulimwenguni kwa kuandika kazi za wanafunzi wa nchi nyingine. Mwaka 2019 gazeti la New York Times lilieleza kwa urefu jinsi vijana wa Kenya wanavyolipwa kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao, na visa vya biashara ni miongoni mwa bidhaa za soko hilo. Mwaka huo huo Ayalandi ilitunga sheria ya kuifanya biashara hiyo kuwa jinai, Australia ikafuata mwaka 2020, na mwaka 2022 ikawa kosa katika Uingereza kuwauzia wanafunzi kazi za namna hiyo.

Nilimjua kijana mmoja aliyeishi kwa kazi hiyo. Alipanga chumba cha juu katika nyumba moja kuukuu karibu na Mtaa wa Biashara, na kwa miaka minne aliandika usiku na kulala mchana, kwa sababu saa tano ya usiku wa Mombasa ni alasiri ya New York, na wateja wake walikuwa macho wakati huo. Hakuwa akipata kazi kwa jina lake. Alikodi jina la mtu mwingine aliyekwisha kujulikana na mawakala, na mwenye jina alichukua sehemu ya kila malipo. Aliandika juu ya bei za mashirika ya ndege, maduka ya kahawa, hospitali za majimbo ambayo asingeweza kuyaonyesha katika ramani. Siku moja alinionyesha kisa alichokiandika kuhusu ghala la vyakula huko Marekani. Nilikisoma mara mbili. Kilikuwa na mpango mzuri, hoja zake zilishikana, na kama kingaliletwa mezani kwangu na mwenyewe ningalikipa alama za juu.

“Mwalimu,” aliniambia, “nimepata alama ya kwanza zaidi ya mara arobaini, na hata moja si yangu.”

Msomaji, sikutaki uwe mwepesi wa kumhukumu. Alikuwa na shahada ya halali, nayo ilikuwa imetembezwa ofisi kwa ofisi mpaka bahasha yake ikachakaa. Nyumbani palikuwa na mama na wadogo zake watatu. Lakini pia sitakuficha kuwa kazi ile haikuwa safi, na yeye alijua. Anunuaye kisa hujiibia nafsi yake elimu aliyokwisha kuilipia, na baadaye atakalia kiti ambacho hakukistahili na kukata mashauri juu ya watu ambao hawana habari. Mwuzaji naye hupata chakula cha mwezi, lakini jina lake halikui. Kila mwaka anakuwa mwandishi bora, na kila mwaka hana kitu cha kumwonyesha mtu kwamba ni bora. Fundi seremala wa Mji wa Kale akichonga mlango, mlango husimama barabarani, na wapitao huuliza ni kazi ya nani.

Tangu mwisho wa mwaka 2022, zilipotoka programu za akili bandia zinazoandika insha kwa dakika moja, kazi ya kijana huyu ilianza kukauka. Mashine haikumshinda kwa elimu. Ilimshinda kwa bei. Na hapa ndipo penye funzo la biashara hasa, kwa kuwa kile alichokuwa akiuza, yaani maneno mazuri yaliyopangwa vizuri juu ya mahali asipopaona, ndicho mashine ingeweza kukifanya. Isingeweza kushuka ngazi.

Chini ya chumba chake palikuwa na duka la leso. Wenzetu wa kwingineko huiita kanga, lakini sisi wa Mombasa tunaiita leso, neno tulilolirithi kwa Wareno, ambao kwa lugha yao hilo ni jina la kitambaa cha mkono. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakishona vitambaa vya namna hiyo pamoja, sita kwa sita, kupata nguo moja pana. Wenye maduka wakatambua kuwa wanaweza kuagiza nguo iliyochapwa nzima. Baadaye nguo ikatiwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi tunazotumia sasa. Katika Mombasa jina linalojulikana kuliko yote katika biashara hiyo ni la Kaderdina Hajee Essak, ambaye watu walimwita Abdulla, na leso za nyumba yake hutambulikana kwa maandishi ya pembeni: Mali ya Abdulla. Hebu fikiri: alama ya biashara iliyovaliwa, iliyobebea watoto na iliyofunikia maiti kwa zaidi ya miaka mia, na wanafunzi wetu wanaandika kuhusu alama za viatu vya Marekani!

Duka nililolitaja si la nyumba hiyo. Ni duka dogo la mzee mmoja, na barazani pake hukaa fundi mwenye cherehani ambaye hukata doti na kupinda leso papo hapo mteja anaponunua. Kijana wetu alilipita asubuhi na jioni kwa miaka minne. Kazi ilipopungua akawa anakaa barazani na fundi yule, kwa kukosa pa kwenda, na siku moja akauliza swali ambalo alikuwa amewauliza kwa maandishi wafanyabiashara wa nusu ya Marekani: kwa nini mali hii inatoka na ile inalala?

Mzee alimjibu kwa muda wa saa nzima. Alisema kuwa leso huagizwa miezi mingi kabla ya kuuzwa, na kiwanda hakikubali kuchapa doti chache, kwa hiyo mtu huweka fedha yake katika jina moja na rangi moja ilhali hajui mji utakuwa na mazungumzo gani siku ile mali itakapofika. Leso yenye jina kali hununuliwa upesi na mtu mmoja mmoja, kwa sababu kila mtaa una majirani wasiopatana. Lakini hakuna ampelekeaye mkwewe leso kali, kwa hiyo haiuziki kwa jumla wakati wa harusi. Leso yenye jina la upole hutoka polepole, kisha ghafula mtu mmoja huja akachukua doti arobaini. Mwenye mtaji mdogo hawezi kungojea huyo wa arobaini. Na ikitokea leso yake imependwa, hazitapita wiki nyingi kabla ya nakala ya bei rahisi kuingia mjini, nyembamba, yenye rangi itokayo majini, lakini yenye pambo lile lile. Je, aagize tena? Kijana aliniambia kuwa alipanda juu usiku ule akaandika mpaka alfajiri, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haja ya kutazama saa ya New York. Hakulipwa chochote kwa kurasa zile. Nimezisoma. Si nzuri kama kile kisa cha ghala la vyakula; zimejaa mambo, hazina mpango, anarudia rudia. Lakini mzee yumo ndani, anapumua.

Labda utasema kuwa wenye maduka hawapendi kuulizwa. Ni kweli. Nyumba za Mji wa Kale zina baraza nje, daka mlangoni, ukumbi, kisha ndani, na hesabu za duka hukaa ndani kabisa. Mgeni anayefika akiwa amesimama, kalamu mkononi, akauliza “Faida yako kwa mwezi ni kiasi gani?” atajibiwa kuwa hakuna faida, tunamshukuru Mungu. Atakuwa amedhaniwa mtu wa kodi, au mtu wa husuda, na sijui ni yupi anayeogopwa zaidi. Amkia kwanza. Kaa. Kahawa ikipita, kunywa. Uliza habari za zamani kabla ya habari za sasa, na uliza habari za mali kabla ya habari za fedha: inatoka wapi, inafika vipi, nani huibeba, huharibika njiani kiasi gani. Mtu aliyeeleza hayo yote kwa furaha mara nyingi hufika kwenye fedha mwenyewe bila kusukumwa. Nawe ukifunuliwa daftari, kumbuka kuwa umeingizwa ndani ya nyumba. Mwulize kama yuko radhi maneno yake yaandikwe, badili jina lake na jina la duka ikiwa anataka, na kabla ya kumpelekea mwalimu kisa, msomee mwenye duka. Yeye ndiye atakayekuambia kwamba gharama ya hamali umeisahau.

Si lazima kisa kiwe cha duka. Visiwa vya bandari vina visa vikubwa pia, na Mombasa imekuwa na kimoja ambacho nadhani kitasomwa kwa miaka mingi. Reli mpya ya kutoka hapa mpaka Nairobi, iliyogharimu zaidi ya shilingi bilioni 300, nyingi zikiwa mkopo kutoka China, ilianza kuchukua abiria mwishoni mwa Mei 2017 na mizigo mwaka uliofuata. Mkopo hulipwa kwa mapato, na mapato hutaka shehena. Kwa hiyo mwaka 2019 ikatolewa amri kwamba mizigo ya kwenda bara ipitie relini. Ukiwa katika ofisi ya reli, amri hiyo ina hesabu yake. Vuka sasa uende Changamwe, ukae na mwenye malori, na mwenye yadi ya makasha, na fundi wa matairi, na mama auzaye chai ya madereva. Hesabu ni nyingine kabisa. Watu waliandamana barabarani, wengine wakaenda mahakamani, na mnamo Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaamua kuwa amri ile haikutolewa kwa mujibu wa sheria. Mwaka 2022 Rais mpya aliamuru kazi ya kutoa mizigo irudishwe bandarini Mombasa. Mwanafunzi mmoja aliniandikia habari hiyo yote kutoka upande wa malori, kwa uchungu mwingi, kwani babake alikuwa dereva. Nilimrudishia nikamwomba aongeze kurasa mbili akiwa amekaa katika kiti cha yule anayedaiwa mkopo. Alikasirika. Aliporudi alikuwa bado na maoni yale yale, lakini sasa yalikuwa na miguu.

Kisa bora kuliko vyote nilivyoletewa, hata hivyo, kilikuwa kifupi, na hakikuwa na reli wala leso. Kiliandikwa na msichana wa Kibokoni kuhusu nyanya yake, ambaye huuza mahamri asubuhi mlangoni pake, na mbaazi za nazi kwa atakaye.

Ilikuwa mwaka 2022. Mnamo Februari Urusi iliivamia Ukraine, na kwa kuwa ngano nyingi tuliyokuwa tukila katika Kenya ilitoka kwa hao wawili, bei ya unga ilipanda, na mafuta ya kupikia nayo yakapanda. Mwanafunzi alikaa jikoni siku sita, akapima na kuandika kila kitu. Pakiti moja ya kilo mbili ilitoa mahamri themanini madogo, na kila moja liliuzwa shilingi tano, yaani shilingi 400. Kabla ya vita unga ulikuwa shilingi 132, mafuta yaliyonyweka 50, nazi 60, sukari 28, hamira na iliki 12, makaa 30. Jumla 312, na baki ni shilingi 88 kwa pakiti. Nyanya hupika pakiti tano kwa siku, kwa hiyo alikuwa akipata shilingi 440. Wakati wa kuandika kisa unga ulikuwa umefika 205 na mafuta 80, vingine vikiwa vile vile. Jumla 415. Kila pakiti ilikuwa ikimla shilingi 15, na kila siku iliyokwenda kwa Mungu mwanamke huyu aliamka saa kumi za usiku, akakuna nazi, akasukuma, akachoma, ili apoteze shilingi 75.

Wala hakuwa anajua. Unga aliununua kwa fedha ya mauzo, lakini nazi na makaa viliingia katika fedha ya nyumbani, ambayo mwanawe alimletea kila mwisho wa wiki. Mfuko mmoja ulikuwa ukivuja katika mwingine. Mwanafunzi ameandika mazungumzo yao kama yalivyokuwa:

“Nyanya, faida yako huwa ngapi?”

“Faida gani tena, mjukuu wangu? Si mwaona mwala?”

Mwalimu mwingine angalimwambia ayafute hayo kwa kuwa si lugha ya kitaalamu. Mimi niliona kuwa yanaeleza hesabu za nyumba ile vizuri kuliko jedwali.

Kisha akafika kwenye shauri lenyewe, na hapa ndipo nilipovua miwani. Mtu wa mbali angesema: pandisha bei iwe shilingi sita. Lakini wanunuzi wengi wa asubuhi ni watoto wa shule, na mtoto huja na sarafu moja ya shilingi kumi, huchukua mahamri mawili, na huenda. Bei ya shilingi sita haina sarafu yake. Ikipanda hadi kumi, mtoto atapata moja, na kwa wengine hayo mawili ndiyo chakula cha mpaka adhuhuri. Nyanya anawajua kwa majina, na mama zao, na anajua ni yupi ambaye nyumbani hakukuwa na kitu. Akilipunguza ukubwa andazi, watoto hawatasema, lakini watu wazima wanunuao ishirini kwa pamoja watasema, tena kwa sauti, maana mtaa ni mmoja. Akipunguza tui la nazi halitakuwa hamri tena, litakuwa mkate wa kukaanga, na yeye amejulikana kwa miaka thelathini kwa tui lake. Akiacha kuwakopesha wale wanaolipa mwisho wa mwezi atapata fedha taslimu mapema, lakini deni lile ndilo linalowafanya waje kwake wasiende kwa jirani.

Na Ramadhani ilikuwa karibu. Ilianza mwanzoni mwa Aprili mwaka ule, na katika Ramadhani biashara ya asubuhi hufa kabisa, kisha jioni huzaliwa nyingine: kaimati, bajia, viazi karai, na mahamri pia, yanayonunuliwa na watu wazima kwa ajili ya futari. Watoto wa sarafu ya kumi hawapo katika soko hilo. Mwanafunzi aliona kuwa kwa siku thelathini nyanya yake angeweza kutoza bei mpya bila kumnyima mtoto yeyote, na kwamba watu wakizoea bei hiyo jioni huenda wasiigombe sana baada ya Idi. Lakini aliona vile vile kuwa baada ya Idi watoto watarudi mlangoni asubuhi, na sarafu zao.

Aliyapanga hayo yote katika kurasa nne. Hakupendekeza moja kwa haraka. Aliandika kuwa amemwonyesha nyanya yake zile shilingi 75, na kwamba nyanya alinyamaza kwa muda, akataka kuonyeshwa tena, safari hii kwa kokwa za mbaazi zilizopangwa juu ya mkeka, pakiti moja baada ya nyingine. Alipoelewa aliuliza jambo moja tu: wale watoto wanaokuja bila ya kitu, ambao yeye huwapa tu, wamehesabiwa wapi?

Mwanafunzi alikuwa hakuwahesabu. Kesho yake asubuhi alikaa mlangoni na daftari, akawahesabu: walikuwa saba, mahamri kumi na manne.